Uvunguni mwa Nyumba ya Doonside

Majira ya baridi ya lokdauni ile, bosi wangu alifungiwa nyumbani kwake siku ileile tuliyokuwa na hita ya kupasha nyumba joto ya kutengeneza mtaa wa Doonside. Mke wake alikuwa amepimwa na kukutwa na korona. Alinipigia simu asubuhi, nami nikiwa nimeshavaa buti, akasema kazi tuiahirishe.

"Ni nani yuko kwenye hiyo nyumba?" nikamuuliza.

"Bibi mmoja mgeni. Binti yake ni nesi."

"Na hita haiwaki kabisa?"

"Haiwaki tangu wiki iliyopita."

Nikamwambia nitakwenda peke yangu. Nikamsikia akikohoa pembeni ya simu. Nilikuwa mwanagenzi wa mwaka wa tatu. Nyaya za themostati, ambazo umeme wake ni mdogo, niliruhusiwa kuzishughulikia yeye akiniangalia kwenye simu. Gesi na umeme mkubwa wa ukutani nilikatazwa kugusa asipokuwepo. Akayarudia hayo yote polepole, kama mtu anayesoma amri kumi, kisha akasema, "Haya, nenda. Lakini unanipigia kabla hujafungua kifuniko chochote."

Kabla ya ufundi huu nilikuwa napanga maboksi kwenye ghala moja la Seven Hills. Nilijiunga na chuo cha ufundi nikiwa nimeshapita miaka arobaini, mama wa watoto watatu. Kanisani kwetu, tunakokutana huku ugenini sisi wa Uvira na Bukavu, mama mmoja alinishika mkono baada ya ibada akaniuliza, "Ni nani atakayemwita mwanamke mweusi aje kushika umeme wa nyumba yake?" Hakuwa na ubaya. Aliogopa kwa niaba yangu. Jumatatu nilirudi darasani.

Nesi alinipokea getini, amevaa barakoa, akasimama mbali. Alikuwa Mkenya. Alikuwa amehamia kwenye gereji nyuma ya nyumba ili asimletee mama yake ugonjwa wa hospitalini. Mama alikuwa amekuja kumtembelea tu, mipaka ikafungwa akiwa huku. Wakawa wanaishi kiwanja kimoja, kila mtu na chakula chake, wakiongea kupitia dirisha la jikoni.

"Amevaa makoti mawili," nesi akaniambia. "Nilimletea hita ndogo ya kuchomeka. Anaogopa itachoma nyumba. Nikigeuka tu, ameizima."

Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa ametoka zamu ya usiku. Nikamwambia akalale.

Ndani, mama alikuwa ameambiwa akae chumbani na mlango ufungwe muda wote nitakapokuwa kwenye korido. Nikagonga kidogo.

"Jambo, mama."

Sauti ikatoka ndani: "Ni nani huyo anaongea Kiswahili?"

"Ni fundi, mama. Nimekuja kwa ajili ya hita."

"Fundi mwanamke?"

"Ndiyo, mama."

"Wa wapi?"

"Wa Congo. Uvira."

"Haya. Fanya kazi yako, mwanangu. Mimi niko hapa na baridi yangu."

Themostati ilikuwa ukutani kwenye korido, ya zamani, kioo chake kimegeuka manjano. Ile ni swichi tu yenye akili kidogo: ikihisi baridi, inaunganisha waya mbili, na hita ya gesi iliyoko nje, inayosukuma hewa ya moto vyumbani kwa mabomba ya chini ya sakafu, inajua imeitwa. Bosi alidhani imekufa kwa uzee, na mpya ilikuwa ndani ya gari. Nikaegemeza simu kwenye kisanduku cha vifaa ili anione, nikazima hita kwenye swichi yake, nikatoa ya zamani, nikafunga mpya, kisha nikawasha tena. Namba zikatokea, nikapandisha joto, ikatoa mlio mdogo. Huko nje, kimya.

Nikabadilisha betri. Kimya. Nikakaza skrubu upya. Kimya.

"Imewaka?" mama akauliza nyuma ya mlango.

"Bado, mama."

Nikatoka kwenda kwenye hita yenyewe, kando ya ukuta wa nyuma. Bosi akaniambia ni vituo vipi viwili, pale nyaya ndogo zinapofungwa kwa skrubu, nivishike. Nikaviunganisha kwa kipande cha waya, na baada ya kitambo feni ikaanza kuvuma na moto ukashika. Nikahisi furaha ikinipanda kifuani, halafu nikaelewa maana yake. Hita ilikuwa nzima. Themostati ilikuwa nzima. Kilichokufa kilikuwa kati yao, na kati yao ni uvungu wa nyumba, ile nafasi finyu kati ya sakafu ya mbao na udongo.

"Funga kila kitu," bosi akasema. "Pale chini ni pembamba sana. Nitakuja mwenyewe nikitoka karantini."

"Atakaa na baridi mpaka lini?"

"Ana hita ya kuchomeka."

"Haiwashi."

Akapumua kwa nguvu. "Unaogopa buibui?"

"Naogopa," nikasema. "Naingia hivyo hivyo."

Kuna kijilango kidogo cha mbao kwenye msingi wa nyumba. Nikaizima hita, nikaitoa themostati mpya ukutani na kuacha waya wake ukining'inia, kisha nikavaa ovaroli, glavu na taa ya kichwani, nikaingia kwa tumbo. Udongo ulikuwa baridi na unyevunyevu. Barakoa ilijaza ukungu miwani yangu mpaka nikawa nasimama kila mara kuifuta kwa kidole kichafu. Juu yangu palikuwa na mbao za sakafu, kando yangu mabomba mapana ya hewa yaliyofungwa kwa kitambaa cha rangi ya fedha. Sehemu moja bomba lilishuka chini sana, nikalazimika kutoa pumzi yote ndipo kifua kipite. Nikajiambia, kifua kikipita, mengine yatafuata. Hayakufuata kwa urahisi. Nilijisukuma kwa vidole vya miguu, nikikata utando wa buibui kwa bisibisi ndefu niliyoitanguliza.

Nikaikuta kebo karibu na nguzo ya matofali. Panya walikuwa wameitafuna ngozi yote, na shaba iliyobaki imegeuka kijani. Nilipoigusa ilikatika kama kijiti kikavu.

Nikaipiga picha, nikamtumia bosi. Nilitaka kuziunga zile ncha palepale nitoke. Akakataa. Unyevu ungekula kiungo, na mwaka ujao wangerudi kwenye baridi. "Kebo mpya, kutoka mwanzo hadi mwisho," akasema, nami nilijua yuko sahihi. Ingenibidi niifunge kebo mpya kwenye mkia wa ile ya zamani, kisha mtu wa juu aivute ya zamani kutoka kwenye tundu la ukutani ili ipande na mpya. Mimi nilihitajika chini kuiongoza. Juu hapakuwa na mtu.

Nikatoka kuchukua kebo mpya garini, nikarudi nikaifunga kwenye mkia wa ile ya zamani, nikatambaa hadi chini ya tundu moja la hewa la koridoni, pale bomba linapofunguka sakafuni, nikaita. "Mama! Nataka kumwamsha binti yako atusaidie."

Sauti yake ikashuka kupitia lile bomba, wazi kabisa. "Usimwamshe. Amekesha na wagonjwa. Niambie mimi."

Nikamweleza: aje koridoni, ashike waya unaoning'inia ukutani, avute taratibu, na nikisema simama asimame. Nikazisikia ndala zake zikipita juu ya kichwa changu.

"Nimeshika."

"Vuta, mama. Polepole."

Kebo ikaanza kupanda. Nikailisha kwa mikono miwili, shavu langu udongoni. Kisha ikasimama.

"Imekataa," akasema.

"Usilazimishe!" Fundo likifunguka ndani ya ukuta, njia ingepotea na ingetubidi kutoboa.

"Mwanangu, mimi nimefunga ng'ombe maisha yangu yote. Kamba inayokataa naijua."

Nikairudisha chini taratibu. Fundo langu lilikuwa nene mno. Nikalifungua, nikazikata waya za ndani ya kebo kwa urefu tofauti ili zisilundikane mahali pamoja, nikazifunga upya kwa utepe mwembamba, nikaulainisha kwa kidole. Mikono ilikuwa imekufa ganzi. Tukajaribu tena, ikakataa tena. Safari ya tatu nikaizungusha kebo kidogo kila alipovuta, na nikasikia mama akicheka juu.

"Imekuja! Hii mpya ni nyeupe, sivyo?"

"Nyeupe, mama! Usiiachie!"

Nilipotoka uvunguni na ncha ya pili ya kebo, nilikuwa na rangi ya udongo. Yeye alirudi chumbani, nikaingia koridoni, nikafunga waya kwenye themostati, kisha nikaenda kwenye hita kufunga upande wa pili, bosi akiangalia kila skrubu. Nikavuta kila waya kwa nguvu kuhakikisha. Nikarudisha umeme, nikarudi ndani, nikapandisha joto. Mlio mdogo. Nje feni ikaanza kuvuma. Harufu ya vumbi lililoungua ikaja kwanza, halafu hewa ya moto.

Nilikuwa nakusanya vifaa kwenye baraza nilipomwona kupitia kioo cha mlango. Alikuwa amesimama juu kabisa ya tundu la hewa, gauni limejaa upepo kama puto, anavua koti la kwanza. Nesi naye alikuwa ameamka, amesimama uwanjani na blanketi mabegani, akimwangalia mama yake dirishani. Alinipungia mkono, akafuta macho.

Bosi alipotoka karantini alienda kukagua. Alivuta waya zote kama nilivyozivuta mimi, akaniambia kebo ningeiweka mbali kidogo na bomba, akasaini karatasi ya kazi. Wiki hiyohiyo alinituma Quakers Hill, kwenye themostati nyingine, naye akabaki garini akisubiri simu yangu.

Nesi alinipigia siku chache baadaye. Mama ameweka joto nyuzi ishirini na saba, haambiliki. Je, kuna namna ya kuifunga ile themostati isipande?

Nikamwambia ipo, nikamweleza kitufe cha kubonyeza. Lakini nilimwomba asubiri kwanza mpaka baridi ipite.