Mtoto Aliyekimbia Mvua

Asubuhi niliyoripoti kazini, kule Bonga, ukungu ulikuwa umefunika uwanja wote wa shule. Niliwasikia watoto kabla ya kuwaona, wakiimba mstarini kama walio mawinguni. Mwalimu Mkuu, mama mmoja wa sauti ya chini, alinikabidhi chaki na darasa la kwanza.

"Wengine hapo hawajatia kitu tumboni tangu jana," aliniambia. "Usiwaanze kwa kelele."

Chuoni tulikuwa tumefundishwa kuandaa andalio la somo, yaani mpango wa kipindi kizima. Tulifundishwa pia malezi na unasihi, kumsaidia mtoto aijue hasira yake na hofu yake, aweze kukaa na wenzake. Hilo la pili nililielewa vizuri baada ya kuhamishiwa Singe, nilipompata Paskalina.

Alikuwa darasa la pili, mpole, mwandiko wake mzuri. Lakini mvua ikigonga bati tu, aliruka madawati akakimbilia nje, na aliyemzuia alipigwa au kung'atwa. Siku alipomng'ata mwenzake hadi damu ikatoka, Mwalimu Mkuu wa pale, mzee mkali aliyependa utulivu, aliniita ofisini.

"Mwalimu, huyo mtoto akae nyumbani. Wazazi wa wenzake wanalalamika."

"Naomba kwanza nifike kwao, mkuu."

"Nenda. Lakini akirudia, mimi namwondoa."

Jioni nilipita kwenye mashamba ya mahindi yaliyolowa, mpaka nikampata mama yake akichambua maharage. Alinipa kigoda. Nilipomuuliza habari za mvua, mikono yake ilisimama.

"Tulikuwa tunakaa nyumba ya udongo, mwalimu. Ukuta ulianguka mvua ikinyesha. Bibi yake alikuwa amelala naye. Paskalina tulimtoa. Bibi hatukumuwahi."

Nilirudi taratibu. Ziwa la kule bondeni lilikuwa linang'aa kwa mbali, na sikumbuki kama nilikanyaga njia au majani.

Kesho yake nilimhamishia Paskalina dawati la mlangoni, nikauacha mlango wazi. Nikawaambia watoto wote, "Mvua ikija, tutaacha kusoma. Kila mtu atashika kikombe cha uji wa moto." Wakacheka, maana uji haukuwepo. Tukakunja viganja kama vikombe, tukavuta pumzi kwa pua, tukapuliza polepole ili uji upoe.

Mvua ilipokuja, ilikuja yote. Bati likanguruma, hata sauti yangu sikuisikia. Paskalina akasimama, akatoka hadi kizingitini. Nilitamani kumshika, lakini nilibaki mahali pangu nikipuliza, na darasa zima likapuliza nami, macho yamefumbwa, kama kundi lililolala likiwa limekaa. Yule aliyeng'atwa akafumbua macho. Akaenda mlangoni, akamnyooshea viganja vyake.

"Shika changu, kimeshapoa."

Paskalina alitetemeka, akalia, kisha akapuliza. Hakukimbia.

Nilipogeuka nilimwona Mwalimu Mkuu dirishani, amelowa, koti limemganda mwilini. Hakuingia. Mvua ilipokatika alisema tu, "Endelea na kipindi, mwalimu." Habari ya kumwondoa haikutajwa tena. Paskalina alimaliza la saba palepale.

Sasa nimestaafu, niko Nakwa. Asubuhi nyingine naamka nikidhani nimechelewa mstarini, kisha nawasikia kuku, nakumbuka. Juzi alikuja mwalimu kijana, binti wa jirani, uso umechoka.

"Shikamoo, Mama Daudi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hivyo?"

"Nina mtoto darasani anachana madaftari ya wenzake. Nimemsema, nimempa adhabu, nimechoka. Unaonaje, nimpeleke kwa mkuu?"

"Anakaa na nani?"

Akaangalia vidole vyake. "Sijui, mama."

Nikainuka, nikachukua mtandio wangu msumarini.

"Haya, twende tukamjue."