Taa Mbili za Mbele

Upande wa Chepsaita, katika miaka ile ambayo trekta zilianza kuwapumzisha maksai kwenye mashamba ya ngano, hapakuwa na dereva aliyenyoosha mfuo kama Wepukhulu. Alitoka kwao Bungoma akiwa kijana, akaongoza maksai wa plau miaka mingi, na siku Kaburu mwenye shamba aliponunua trekta ndogo ya kijivu, kiti chake alipewa yeye. Kaburu huyo wafanyakazi walimwita Bwana Ndevu. Wageni wake walipokuja Jumapili, aliwapeleka shambani wasimame mwanzo wa mfuo mmoja na kuufuata kwa jicho hadi mwisho, kule ulikofumbana na anga.

Heshima hiyo ilimtosha Wepukhulu mpaka Shitanda alipofika.

Shitanda alikuwa mtu wa Kabras, mcheshi, mwenye kofia ya jeshi aliyorudi nayo kutoka Burma. Alikabidhiwa trekta kubwa nyekundu, mpya, yenye taa. Jua lilipozama, Wepukhulu aliegesha trekta yake bandani, akanawa mikono, akashika njia ya nyumbani. Shitanda aliwasha taa. Kutoka kambi ya wafanyakazi, iliyokuwa bondeni, taa mbili zilionekana zikija na kwenda juu ya mteremko, na watoto waliacha kula ili wazitazame.

"Shitanda analima mpaka mwezi unaona haya kutoka," walisema wanawake mtoni.

Kipyego, nyapara wa shamba, naye alikuwa na lake. Kila jioni alipaza sauti ili kambi nzima isikie: "Wepukhulu! Wewe na kuku mnaingia saa moja!"

Wepukhulu alicheka pamoja na wenzake, lakini kicheko hicho kilimkaa tumboni kama ugali usioiva. Akaanza kumtafutia mwenzake makosa. Mifuo ya Shitanda ilipinda kidogo penye kichuguu. Hilo alilisema mara nyingi, hata kwa watu wasiouliza. Kofia ile, alisema, ilikuwa ya mtu aliyepika vitani, si ya aliyepigana. Alipoenda bandani alizunguka nyuma ya ghala asipite karibu na trekta nyekundu. Mara moja tu alikuwa ameiona taa ndogo ya tatu iliyofungwa nyuma ya kiti, akaidharau. Alidhani ni ya kuonya magari barabarani.

Yote hayo angeyavumilia kama si Nabwire, mkewe.

Jioni moja, akiwa ameketi mbele ya chakula, aliona kwamba Nabwire hakuwa ameketi. Alisimama mlangoni, bega likiegemea mwimo, akiangalia mteremkoni.

"Unatazama nini?"

"Taa tu."

"Zina nini?"

"Hazina kitu, Baba Rael. Kula, chakula kinapoa."

Kesho yake alisimama tena, na kesho kutwa pia. Wepukhulu hakuuliza zaidi, maana alikwisha kujijibu mwenyewe, na jibu hilo lilikuwa na kofia ya jeshi. Tangu siku hiyo taa hazikuwa jambo la kazi tena. Aliona kwamba mwanaume mwingine alikuwa akimnyang'anya macho ya mkewe, kila jioni, mbele ya mlango wake mwenyewe, naye hana cha kuonyesha.

Alimwendea Bwana Ndevu, kofia mkononi, akaomba trekta ndogo iongezewe taa.

"Mimi hapana nunua taa," alisema Bwana Ndevu. "Kama wewe nataka, wewe tafuta. Kama iko taa, iko kazi ya usiku. Sikia?"

"Nimesikia, Bwana."

Kwa kweli alilisikia neno la kwanza tu. Jumamosi aliwafunga miguu kuku wawili wa Nabwire, akawapeleka Eldoret, nyuma ya gereji moja ambako lori lililopinduka lilikuwa likinyofolewa vipande. Fundi wa pale, aliyeitwa Paul, alipokea kuku, akampa taa mbili nzima, waya na swichi. Kisha akamchorea kwa mkaa juu ya kibati jinsi waya unavyotoka kwenye betri, unavyopita kwenye swichi, na unavyofika kwenye taa.

"Ya nyuma unayo?" aliuliza Paul.

Wepukhulu hakutaka kuonekana mshamba. "Ninayo," alisema.

Jumapili baada ya kanisa alijifungia bandani. Alifunga taa moja kila upande wa rejeta, akazikaza kwa boliti, akapitisha waya chini ya tangi la mafuta na kuuviringishia mpira wa tyubu kuukuu kila mahali ulipogusa chuma, usije ukachunwa kwa mtikisiko. Ilikuwa kazi safi. Alikuwa akisugua vioo kwa jivu wakati kivuli kilipoangukia mlangoni.

"Ndugu yangu, hongera!" alisema Shitanda. "Sasa tutakuwa wawili kwenye baridi. Lakini ngoja nikuambie kitu kimoja kuhusu taa..."

"Mimi si mtoto, Shitanda."

"Sijasema wewe ni mtoto. Nasema tu kwamba ukilima..."

"Nilishika plau wewe ukiwa bado unachunga mbuzi. Nenda ukapumzike."

Shitanda alimtazama kidogo, akaishusha kofia yake hadi kwenye nyusi, akaondoka akipiga mluzi.

Jumatatu, kiza kilipoanza kushuka, Wepukhulu aligeuza swichi. Kelele za watoto zilipanda kutoka kambini hadi kwake, naye akahisi kifua kikimjaa. Aliingiza plau ardhini, akageuza shingo kuutafuta mlango wa nyumba yake.

Hakuuona. Mbele yake nyasi zilimeremeta, lakini kila kilichokuwa nje ya mwanga ule kilikuwa cheusi kuliko kawaida. Alijua mlango uko upande gani, ila hakujua kama kuna mtu aliyesimama hapo. Kila alipofika mwisho wa shamba na kugeuka, alikodoa macho tena upande huo. Mara chache alizogeuka kuitazama plau, aliona giza, akajiambia kwamba mikono yake inaijua kazi. Baadaye injini ilianza kunguruma kwa wepesi, bila kulemewa. Wepukhulu alitabasamu. Alidhani hata trekta imefurahia taa zake.

Alfajiri ilimwonyesha. Majani ya sangari yalikuwa yamejisokota kwenye plau tangu raundi za mwanzo, plau ikapanda juu ya majani hayo na kuteleza. Sehemu nzima ilikuwa imekwaruzwa tu, kama kichwa kilichochanwa kwa vidole, na mikwaruzo yenyewe ilipinda kuelekea kambini, mmoja baada ya mwingine.

Kipyego alifika, akatazama, na kwa mara ya kwanza hakusema kitu. Bwana Ndevu alikuja juu ya farasi, naye akasema mengi. Shitanda alikuwa ameshuka kwenye trekta yake; alichutama, akang'oa kishungi cha sangari kwenye plau.

"Ile taa ya nyuma," alimwambia Wepukhulu kwa sauti ya chini. "Inamulika plau. Ndiyo niliyotaka kukuambia."

"Wewe funga taa ingine," Bwana Ndevu alimaliza. "Hii yote, rudia. Na usiku yote lima, mpaka mvua kuja."

Nyumbani, Nabwire alikuwa akipuliza moto. Wepukhulu aliketi bila kuvua viatu.

"Jana ulisimama mlangoni?"

"Nilisimama."

"Ukaziona taa zangu?"

"Niliziona." Alipuliza tena, moshi ukampanda usoni. "Baba Rael, unajua kwa nini nilikuwa nikizitazama zile za Shitanda? Mama Stephen, mke wake, anakula peke yake kila siku. Watoto wake wanamjua baba yao kwa mlio wa trekta tu. Nilikuwa nikisimama pale namshukuru Mungu kwamba yako haina taa." Akaongeza, "Na kuku wangu ndio waliozinunua."

Wepukhulu aliinuka, akarudi bandani.

Jioni hiyo Shitanda alileta taa kuukuu aliyokuwa nayo, akaishikilia nyuma ya kiti huku Wepukhulu akikaza nati.

"Inamisha," alisema Shitanda. "Zaidi. Hapo. Iangalie kazi, isikuangalie wewe."

Jua lilikuwa likigusa miti. Kando ya shamba Kipyego alipita akielekea kwake, mikono mfukoni, na ng'ambo ya kijito moshi wa jiko la mke wa nyapara huyo ulipanda wima. Wepukhulu aliufuata moshi ule kwa macho, na wivu ule wa zamani ukamrudia.

"Kipyego!" aliita. "Wewe na kuku mnaingia saa moja!"

"Ndiyo," Kipyego alijibu bila kugeuka. "Na tunakula chakula cha moto!"

Shitanda aliangua kicheko. Wepukhulu hakucheka. Alipanda kitini, akamtazama nyapara mpaka alipoinama kuingia mlangoni mwake, kisha akageuza swichi.