Mahali Panapoishia Avenyu Yetu

Swali lililokaribia kunimaliza nilikuwa nimeliuliza sehemu nyingi bila shida: hapa panaishia wapi? Kule Kiambi mzee mmoja aliniambia kijiji chao kinaishia pale ambapo mtu akikutana nawe njiani hakuulizi habari za mama yako. Piana-Mwanga, karibu na bwawa la umeme, walininyooshea kidole kwenye nguzo ya mwisho. Niliacha shule mapema, na mipaka sikuifahamu kwa ramani bali kwa kuuliza watu. Nilipenda majibu yao. Sikujua kwamba Kalemie, mji wa kando ya ziwa, swali hilo huulizwa na watu wa aina mbili tu: wanaotaka kuiba viwanja, na wanaowatafutia wenye bunduki njia.

Nilipanga chumba mlimani, juu ya ziwa. Wenyeji wa pale walikuwa wamekimbia maji. Ziwa lilipopanda lilimeza avenyu yao nzima, mtaa na nyumba zake zote, huko chini, nao wakakwea na mabati, milango, kuku, na kibao cha chuma chenye jina la avenyu. Kibao walikifunga kwa waya kwenye mchikichi. Shefu wao, mkuu wa avenyu, alikuwa amevuka kwenda Kigoma kwa watoto wake na hakurudi, lakini kwao jambo lilikuwa limekwisha: wamehama, na jina wamehama nalo. Watu wa bondeni walikataa. Walipaita Kwa Mabashi, kwa sababu ya zile bashi, maturubai ya plastiki tuliyoezekea, na vijana wa pikipiki nao wakapaita hivyo hivyo.

Nilimwendea shefu wa avenyu ya bondeni, baba mmoja mnene, mpole, mwenye redio mapajani, nikamwuliza.

“Yangu inaishia pa mufereji,” alisema. “Kule juu ni pori.”

“Na watu wanaoikala kule, Papa shefu?”

“Watu wanaweza kuikala pori. Nani alikataza?” Kisha akapunguza sauti ya redio. “Weye, nani alikutuma kuuliza?”

Nilicheka, nikasema hakuna. Yeye hakucheka.

Haukupita muda mrefu, mume wa mama aliyenipangisha akafariki. Tulikaa matanga nje ya nyumba, nami nilikwenda na wanaume wengine kukata kuni za ule moto ambao hauzimwi mpaka watu watawanyike. Shefu wa bondeni alipanda kuja kutoa pole. Alipewa kiti cha mbele, akapewa bukari, ugali wa huko, na samaki wa kukaanga, mikebuka, na kabla ya kuondoka akasimama, akavua kofia. “Avenyu yangu imepoteza muzee,” alisema. Watu waliitika. Mimi nilifurahi moyoni kama mtu aliyeona mto ukibadilisha njia: kumbe mpaka umesogea, na hakuna aliyeusukuma.

Baadaye risasi zilisikika upande wa bandari, na asubuhi iliyofuata askari wakauzingira mlima. Walipiga milango kwa vitako vya bunduki. Wanaume wote tulitolewa, tukakalishwa chini karibu na mchikichi wenye kibao. Kanuni yao ilikuwa rahisi: shefu apite, aonyeshe walio wake, na asiyeonyeshwa apande kamyo, lori lao. Shefu mwenyewe waliyemleta alikuwa yule wa bondeni, bado amevaa kandambili.

Niliikalia mikono yangu ili isionekane.

Mkubwa wao alikuwa kijana mwenye sauti ya chini, na ile sauti ndiyo iliyonitisha zaidi ya bunduki. Aliichukua karte yangu ya kitambulisho.

“Ulizaliwa Kongolo. Karte ilitoka Manono. Sasa unalala Kalemie. Weye ni treni?”

Askari wakacheka. Nikajaribu kutabasamu, midomo ikakataa.

“Nafuata kazi, mukubwa.”

“Kazi gani huku juu?”

Kabla sijajibu, mtu mmoja wa bondeni, aliyekuwa amepanda kutazama, akaninyooshea kidole, akapaza sauti: “Njo yeye! Njo ule anaulizaka mipaka!”

Mkubwa alichuchumaa mbele yangu, uso wake karibu na wangu.

“Mipaka ya nini?”

“Nataka kujua tu.”

“Kujua tu,” alirudia polepole, kama mtu anayeonja chumvi. Akamgeukia shefu. “Huyu ni muntu wako?”

Shefu aliangalia kandambili zake. “Avenyu yangu inaishia pa mufereji,” alisema.

Mkono ulinishika kola, nikainuliwa. Kwenye kamyo walikuwa wamekaa vijana watatu niliowafahamu kwa sura, na hakuna hata mmoja aliyenitazama. Niliwaza jambo la kijinga: kwamba wakinipeleka, hakuna mtu atakayejua aseme nimetolewa wapi. Askari alinikokota.

Ndipo mama aliyenipangisha akatoka katikati ya wanawake, kitambaa cha msiba bado kichwani.

“Papa shefu! Wakati tulizika muzee wangu, ulikuya hapa, ao hukukuya?”

“Mama, ngoja kwanza…”

“Ulikaa pa kiti cha mbele, ulikula bukari yangu, ulisema avenyu yako imepoteza muzee. Wote walisikia. Huyu kijana njo alikata kuni za ule moto. Ao siku ile ulikula ku pori?”

Mwanamke mmoja nyuma yake aliguna kicheko, akakimeza upesi. Mkubwa alimtazama shefu, sasa kwa hamu.

“Fikiri muzuri, Papa. Ukisema ni wako, kesho kikitokea kitu huku, mimi sitatafuta huyu. Nitakuya kwako.”

Niliona jasho likimtoka shefu chini ya kofia. Aliogopa kama mimi, labda kuliko mimi, kwa kuwa alikuwa na nyumba na watoto, tena mahali pake pa kumkuta panajulikana na kila mtu.

“Ni wetu,” alisema.

“Sema kwa nguvu.”

“Ni wa avenyu yangu. Na hawa wa kwa kamyo pia. Wote mpaka pa kile kibao.”

Walituachia. Shefu alishuka bila kuniaga. Alipofika kwenye mfereji aligeuka. “Usiulize tena,” alipaza sauti.

Sijauliza tena. Lakini miguu yangu haikuzoea kutulia, na kazi ilipopatikana Kongolo nilikwenda kwa shefu kuaga, jambo ambalo sikuwahi kumfanyia mtu yeyote. Alinishika mkono kwa muda mrefu mno. “Utarudi?” Nikasema nitarudi.

Kongolo nilifanya kazi nikijua kwamba kikitokea kitu mlimani, atakayefuatwa ni shefu. Kila mtu aliyeshuka kwenye treni nilimwuliza habari za Kalemie. Mmoja aliposema askari wameanza tena kuzunguka mitaa, niliiacha kazi katikati, nikarudi. Nilimkuta shefu amekaa kwenye mfereji, redio imezimwa, akitazama njia ya kupanda mlimani.

“Walikuya,” alisema. “Waliuliza iko wapi ule wa mipaka. Nilisema anarudi.”

Akasogea kidogo, akanipa nafasi ya kukaa.