Makofi ya Kiwanda cha Ngozi

Saa moja asubuhi, Bibi Kisu ameinamia ngozi mbichi ya ng'ombe, anakwangua mafuta na nyama zilizosalia. Mgeni akifika mlangoni hushika pua na kurudi nyuma, maana uvundo wa hapa hausemeki. Bibi Kisu wala habari hana.

"Mimi sisikii kitu, mwanangu," anamwambia mwandishi. "Pua yangu ilishakata tamaa zamani."

Mwaka wa kumi na tisa huu, ngozi arobaini kila siku. Chokaa ya kunyonyolea manyoya ya ngozi imemla kucha za mkono wa kushoto, zote tano.

Kiwandani wana desturi yao. Mfanyakazi mpya huanza akiwa amejifunga kitambaa puani, na siku akikivua mwenyewe, wenzake huweka visu chini wakampigia makofi. Bibi Kisu alikivua mwezi wa tatu, akacheka nao. Alikuwa na watoto wa kulisha, angefanyaje?

Mwaka jana binti yake alifariki, akamwachia mjukuu wa kike wa miaka minane. Wiki za mwanzo mtoto hakutaka kupakatwa. Alilala ameugeukia ukuta. Bibi akaoga mara mbili, mara tatu, akajisugua kwa ndimu, wapi! Ilimchoma, maana ndiye pekee aliyeachiwa na marehemu.

Kila mchana mtoto hupita kiwandani akitoka shule kuchukua ufunguo wa nyumba, na mwanzoni alikuja na kitambaa puani. Mwezi uliopita alikuja bila kitambaa. Akapita hadi kwenye mapipa ya chokaa, akamkumbatia bibi yake kiunoni.

Wafanyakazi, kwa mazoea tu, wakaweka visu chini wakapiga makofi. Mtoto akatabasamu. Bibi akalia mbele ya watu, jambo ambalo hakulifanya hata msibani.

"Nilikuwa naomba asinikimbie," anasema. "Sasa hanikimbii, na roho inaniuma. Mimi niliyazoea haya ili watoto wasije wakayazoea."

Siku hizi akitoka kazini hupitia kwa jirani yake, fundi cherehani, anayemfundisha kushona. Uzi unamponyoka kwa vile vidole visivyo na kucha, lakini amejipa mwaka mmoja aage kiwanda.

Saa saba mchana mjukuu anafika, pua wazi. Bibi ananawa mikono, anatoa kitambaa safi kwenye mkoba na kumfunga puani.

"Lakini bibi, mimi sisikii kitu," analalamika mtoto.

Bibi anakaza fundo.