Njia ya Upana wa Machela

Uvumilivu wangu uliisha asubuhi ile gauni langu liliponasa kwenye seng'enge ya Mzee Deusi, mtoto akiwa mgongoni. Njia yetu inatoka nyumbani, inakatiza kibanja chake cha migomba na kutokea zahanati. Nimeipita tangu nilipoolewa hapa Nyakakika, na mama mkwe aliipita kabla yangu. Tangu mwezi uliopita imezibwa kwa nguzo na waya, na maharage yamepandwa katikati. Asubuhi hiyo mzee mwenyewe alikuwa amesimama ng'ambo na jembe begani. Nikamwamkia shikamoo, kwa sababu nimelelewa. Akaitikia marahaba. Kisha akasema, "Zunguka."

Kuzunguka maana yake ni kufuata barabara ya malori ya mchanga, saa nzima zaidi. Na Anitha, mwanangu wa mwaka mmoja, kifua kinambana kila mvua zikianza. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji vilevile, gauni limechanika. Ilikuwa mara ya tatu.

"Mama Anitha, pale hakuna njia," akasema. "Una ushahidi gani?"

"Miguu yangu," nikamjibu, nikatoka bila kuaga.

Siku hiyo hiyo nilimtafuta Mwalimu Leonida, aliyenifundisha jiografia sekondari. Ana kikundi cha matembezi. Kila Jumamosi wanatembea kijiji kingine, wengi wao watu wa presha na sukari walioambiwa na daktari wasikae. Mimi nilitaka aje nao wote na koleo wakate ule waya.

"Sisi si jeshi, Editha," alisema. "Njoo Jumamosi utembee kwanza. Hizo hasira zipate hewa."

Nilikasirika naye pia. Lakini nilikwenda.

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi tuliondoka kwa Noah ya kukodi kuelekea Kibingo, wilaya ya Kyerwa. Tulikuwa saba, na Anitha wa nane. Gari lilitushusha kwenye njia panda, dereva akakubali kutungoja hapo hapo, tukaanza kushuka kwa miguu. Ukungu ulikuwa bado umelala bondeni. Kahawa ilikuwa imechanua, nyeupe kote chini ya migomba, na harufu yake ilitufuata. Mimi nilikuwa naangalia miguu yangu tu na kumtukana Mzee Deusi moyoni.

Hatukufika mbali, Mzee Felisiani akanisimamisha. Huyu ni bwana shamba mstaafu, mrefu, mwenye buti za mpira.

"Lete huo mzigo nibebe," akasema, akionyesha mgongo wangu.

"Atakukojolea, mzee."

"Nimekojolewa na wajukuu wangu wote. Nani amebaki wa kunitisha?"

Akamfunga Anitha kwa khanga yangu kama mwanamke, wenzake wakimcheka. Nilipiga hatua chache nikasimama. Mgongo ulikuwa mtupu. Kwa mwaka mzima sikuwahi kutembea mchana nikiwa sina mtu mgongoni, na nilikuwa nimesahau kwamba mtu anaweza kunyoosha mabega. Nililia kidogo, nikasingizia mdudu jichoni. Wakapokezana kumbeba siku nzima, na hakuna aliyeniuliza baba yake yuko wapi.

Kitu kimoja kilinikera. Kila kibanja tulichofika, Mwalimu alitusimamisha kupiga hodi, hata njia ikiwa wazi kabisa.

"Njia ni ya wote," nikasema. "Hodi ya nini?"

"Njia ni ya wote, uani ni kwa mtu," akajibu, akaendelea kungoja.

Saa tano tulifika kwa Bibi Paskazia, mwenyeji wetu. Tulipiga hodi, akatoka anafuta mikono kwa kitenge, akatutazama mmoja mmoja.

"Karibuni, waitu, ndugu zangu. Hivi ni kweli mnatembea tu? Hamwendi msibani, hamwendi sokoni?"

"Tunatembea tu, bibi," Mwalimu akasema.

"Basi kwenu magugu yameisha."

Tulicheka mpaka Anitha akaamka. Bibi akatuletea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kisha ndizi na maharage kwenye majani ya mgomba. Alimlisha Anitha mwenyewe kwa kidole, akaniambia nile taratibu, hakuna anayenifukuza.

Baada ya kula nilimuuliza kuhusu ile mimea ya majani marefu kama panga iliyosimama pande mbili za njia yake. Kwetu tunaita omuramura. Kila mtu huku anajua ni alama ya mpaka.

"Mstari mmoja ni mpaka," Bibi akasema. "Mistari miwili ikitazamana ni njia. Hii aliipanda baba mkwe wangu. Alipima kwa machela, wabebaji wapite bila kukanyaga mibuni ya mtu."

"Mtu akitaka kuiba njia, si atang'oa tu?"

Akanitazama kana kwamba nimetukana kanisani. "Nani ang'oe omuramura? Alale vipi?"

Nilikuwa nakumbuka kwamba njia yetu nayo ilikuwa na mistari miwili, na sasa haionekani.

Saa nane tuliaga. Bibi alitusindikiza mpaka mwisho wa kibanja na kunifungia ndizi mbivu za mtoto.

Saa kumi na moja jioni gari lilifika kwetu. Nikamwomba Mwalimu washuke dakika chache. Akanitazama. "Bila kelele?" Nikaahidi.

Tulisimama kwenye seng'enge tukapiga hodi. Nilielewa sasa maana ya ile hodi. Mzee Deusi alitoka, tukamwamkia sote, akaitikia.

"Mmekuja mkutano?"

"Tunatembea, mzee. Tunaomba kupita," Mwalimu akasema.

"Hapa hakuna njia."

Mzee Felisiani alikuwa ameshainama. Kwa fimbo yake alisogeza majani makavu yaliyotandazwa chini ya maharage. Pale palikuwa na visiki vilivyokatwa kwa panga, na juu ya kila kisiki majani mabichi yanachomoza. Mstari mmoja upande huu. Mstari mwingine upande ule, sawasawa, kwenda hadi mwisho wa kibanja.

"Hii umepanda wewe, ndugu yangu?"

"Imeota yenyewe."

"Kwa mistari miwili?"

Mtu akacheka nyuma yangu. Nilitaka kupiga kelele, nikakumbuka ahadi. Nikauliza polepole, "Mzee, mbona uliikata tu? Mbona hukuing'oa?"

Akanijibu haraka, kama ninauliza upuuzi. "Nani anang'oa omuramura?"

Kisha akageuka kuvitazama vile visiki, kwa maana sote saba tulikuwa tumesikia, na Mzee Felisiani bado ameinama. Tuliaga kwa heshima tukarudi garini.

Nilikwenda Kibingo nikitafuta watu wa kunikatia waya. Nilirudi na watu wa kunibebea mtoto, na macho ya kuona kilichokuwa miguuni mwangu siku zote. Nawashukuru, na Bibi Paskazia zaidi. Hasira ninayo bado. Ila nimejifunza kuiandika. Jumatatu asubuhi nilipeleka barua hii ofisi ya mtendaji wa kata, ikagongwa muhuri mbele yangu:

YAH: MALALAMIKO YA KUFUNGIWA NJIA YA ZAHANATI

Mimi Editha, mkazi wa Nyakakika, namlalamikia Mzee Deusi kwa kuziba njia ya watu wote. Namlalamikia pia mwenyekiti wa kijiji, aliyenirudisha mara tatu bila kwenda kuangalia. Ushahidi ni mimea ya omuramura iliyokatwa, ambayo inaota upya katika mistari miwili, na maneno ya mzee mwenyewe mbele ya mashahidi sita walioweka sahihi hapa chini. Siombi njia mpya wala fidia ya gauni. Naomba mje na machela, mpime kati ya mstari na mstari. Njooni kabla ya mvua, maana mwanangu anaumwa kifua. Na mkifika, tafadhali pigeni hodi.