Mchezaji wa Kumi na Mbili

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kwa sababu nilipanga mananasi arobaini kando ya uwanja, na jioni nikayakuta thelathini na moja. Nilihesabu mara mbili. Penye watu wengi kama pale nimezoea kuyauza yote, lakini siku hiyo niliacha biashara nikashika mpira, na mpira wenyewe sikuwa naujua.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, kwetu Kiwangwa. Timu yetu ilicheza na Msata, na hao wakikutana unawajua: watu wanaoazimana chumvi mwaka mzima, siku hiyo hawasalimiani. Mimi sikuwahi kutazama mechi hata moja. Nilifuata wateja.

Ila nilikuwa na langu na Msata. Wiki iliyotangulia, mshenga alimletea baba barua ya posa kutoka kwa kijana wa huko, Hamisi. Hamisi alikuwa akinunua nanasi kwangu bila kuomba apunguziwe. Mnunuzi wa namna hiyo ama hana akili, ama hakufuata nanasi. Nilimchunguza, nikaona akili anazo. Baba alisema atajibu Ijumaa, na mimi nililitaka jibu liwe ndiyo kuliko nilivyoonyesha. Kati ya watu wake, sikuwa nimemwona hata mmoja.

Mpira ukaanza, Msata wakafunga. Nikaona watu wazima ninaowaheshimu wameshika vichwa kama wamepokea habari ya msiba. Nikawacheka moyoni. Halafu, sijui ilianzia wapi, nikajikuta na mimi nimesimama.

Kwa mazoea yangu nikawahesabu wale wa Msata, wenye jezi za kijani. Kumi na wawili. Nikarudia. Kumi na wawili. Na huyo aliyezidi alikuwa mzee wa mvi, kakunja suruali hadi magotini, anakimbia pembeni na kitambaa cha njano mkononi. Mara wetu wakafunga. Mzee akanyoosha kitambaa juu, refa akalikataa goli.

Nikapanda juu ya kreti. "Wamezidi hao! Wewe mzee wa kitambaa, huo mpira wa wajukuu zako! Rudi nyumbani ukafute vyungu!"

Upande wetu wote ukaangua kicheko. Zena, aliyekuwa akiuza mihogo hatua mbili kutoka kwangu, alifuta machozi akasema, "Shoga, ulimi huo ulikuwa umeuficha wapi?" Wao walijua yule ni nani, wakadhani natania. Muda si mrefu maneno yangu yakawa wimbo: mzee wa kitambaa, rudi kwa vyungu! Kila akikimbilia upande wetu, wimbo unapanda. Makofi niliyaanzisha mimi. Mzee hakugeuka hata mara moja.

Msata walishinda. Watu walipotawanyika, Hamisi akanijia, na safari hii hakuuliza bei.

"Baba amekukosea nini?"

"Baba yupi?"

"Aliyeshika kibendera."

"Kibendera gani?"

Akaniangalia, akagundua sijui kitu. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemfunza mtoto kusoma saa: refa peke yake hawezi kumwona kila anayeotea, kwa hiyo wako wasaidizi wawili pembeni, kila kijiji kinatoa mmoja, na kwa kuwa hawana sare, huazima jezi ya timu yao. Kisha akaondoka. Nanasi hakuchukua.

Nilimwambia bibi yangu, mzaa baba. Hakunigombeza. Alisema tu, "Jifunge khanga nzuri. Alfajiri tunakwenda Msata, kabla mshenga hajaja kuidai barua yao irudishwe."

Nilikaa mkekani mbele ya baba yake Hamisi, macho chini.

"Shikamoo, baba."

Bibi alikuwa ameshamweleza yote. "Marahaba. Ulituhesabu mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Na zote mbili nikawa mchezaji?"

"Ndiyo, baba. Nisamehe."

"Basi umenipunguzia miaka thelathini. Hakuna mfanyabiashara aliyewahi kunipa punguzo hilo."

Bibi akacheka. Nikadhani yamekwisha.

"Na wa kwenu, je, uliwahesabu?"

Nikatikisa kichwa.

"Nao walikuwa kumi na wawili. Msaidizi wenu alikuwa ng'ambo, na jezi yenu, na kitambaa kama changu."

Posa haikuvunjika. Ijumaa baba alijibu ndiyo, nikaolewa Msata, na mzee yule nilimpikia mpaka alipofariki. Lakini kibendera hakukishika tena. Alisema ni magoti. Magoti hayohayo yalimpeleka shamba na kumrudisha miaka kumi na mitano mbele ya macho yangu. Na kila alipofika Kiwangwa, hakukosekana mtu wa kuuanza ule wimbo. Yeye alitabasamu. Mimi sikuweza.

Sasa nasikia Jumamosi unakwenda uwanjani kwa mara ya kwanza, kuishangilia Kiwangwa dhidi ya Msata, na simu yako mkononi. Nenda, mwanangu. Shangilia, tania, sauti ikukauke. Lakini ukiona wa upande wa pili wamezidi, anza kuwahesabu wa kwenu. Na usilolijua, muulize aliye karibu nawe. Zena alikuwa hatua mbili tu, na angenijibu bure. Siku hizi neno lako litafika Msata kabla kipenga cha mwisho hakijalia, na huko huenda kuna mtu utakayemhitaji Ijumaa.

Walioimba nami siku ile walikuwa upande mzima wa uwanja. Asubuhi ile, njia nzima ya Msata, tulikuwa wawili, mimi na bibi. Nilihesabu mara mbili.

Mwenyezi Mungu akupe jicho la kuona pande zote mbili, akulinde na ulimi wako, akurudishe nyumbani salama na marafiki uliokwenda nao. Ushindi sikuombei. Mimi sasa ni wa Msata.