Pembe za Ua wa Bwana Masudi

Wenzangu tuliokulia Mtongwe wakati wa vita vya Wazungu, hebu fumbeni macho kidogo. Mwamuona Bwana Masudi? Tajiri wa minazi, kanzu nyeupe, harufu ya udi ikimtangulia njiani. Mali aliipenda, lakini vugo, ngoma yetu wanawake ya harusini, alilipenda zaidi. Alhamisi baada ya alasiri ua wake ulikuwa wetu: akina mama waimba, sisi wasichana mkekani twaitikia. Pembe za nyati zimepakwa mafuta ya nazi hadi zang'aa. Zikigongwa kwa vijiti, mwili wote wasisimka. Mpaka leo nikisinzia nazisikia.

Mamangu akikosea, Bwana Masudi humtania, "Mwanasiti, ubeti umeumeza na tambuu?"

"Nimeumeza na mahamri yako, Bwana, yamekauka kama magome!"

Ua mzima kicheko. Na kila mara akitangaza: "Pembe hizi nimewanunulia wanawake hawa. Si zangu." Mtongwe nzima ilisikia.

Alipofariki, mkewe, Bi Mishi, akakaa eda. Kwetu, nyumba yenye eda haitajwi ngoma. Mamangu akawaambia wenziwe, "Tumngojeni mwenzetu atoke, ndipo tuzichukue pembe zetu. Tusimtie aibu." Wakangoja kwa adabu zao.

Wapwa wa marehemu, Salimu na Athumani, hawakungoja. Nawataja, na wasikie. Walikuja na mkokoteni mchana kweupe, wakaanza kuzipakia pembe. Bi Mishi yuko chumbani, hawezi kuwatokea wanaume, alia tu: "Mwanasiti, wazuie!" Mamangu, aliyekuwa kaja kumtazama, akasimama mlangoni.

"Hizo ni zetu sisi wanawake."

"Basi zifuateni Kisauni," Salimu akajibu, na Athumani akicheka. Wakaziuza huko. Eda ilipokwisha, ua ulikuwa mtupu. Mamangu hakuimba tena.

Juzi nimemuoza binti yangu. Vijana wakaleta redio ya kanda, wakatikisa mabega utadhani wameingiwa na siafu. Wanawake wazima tumekaa, mikono mapajani. Mimi sikusoma, lakini najua nilichokisikia zamani: bibi harusi aliimbwa kwa jina lake, na la mamake, na la nyanyake, akiimbwa na watu waliomuona akizaliwa. Siku hizi kanda iliyopigwa jana Changamwe ndiyo ipigwayo leo Timbwani. Nilitega sikio mpaka wali ukaliwa. Binti yangu kaolewa, na hakuna aliyemtaja.